Mkono wa Kushoto wa Bi Mawili

Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, saa tisa na nusu alasiri, Bi Mawili atalitundika koti lake jeupe kwenye msumari ule ule alioonyeshwa siku ya kwanza. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku kumi na nne katika kiwanda hiki cha mafuta ya ubani. Ofisi iliomba wasifu wa ukurasa mmoja, wenye furaha. Ukurasa mmoja ni mistari arobaini. Ukigawa, ni mstari mmoja na kipande kwa kila mwaka wa kazi yake. Ipo miaka ambayo mstari mmoja ungeitosha. Huu tunaoumaliza haumo. Na kwa kuwa kijitabu hiki cha sherehe kinachapwa kwenye mashine ya lebo, na mashine ya lebo imo katika chumba cha kujazia chupa ninachokisimamia mimi, wasifu umepata nafasi unayostahili.

Jina lake la vyeti liko kwenye kadi ya mahudhurio. Nadhani hata mlinzi wa getini ameshalisahau. Wageni wakisikia "Bi Mawili" hudhani alizaa mapacha, na mmoja aliwahi kuuliza kwa sauti ya chini kama ni mke wa pili wa mtu. Sivyo. Ni kwa sababu ya maneno aliyoyasema mara nyingi kuliko salamu: matone mawili kwa kijiko. Yaani mafuta ya ubani hayapakwi mwilini yakiwa matupu. Unachukua kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya nazi au alizeti, unadondosha matone mawili ya ubani, unakoroga, ndipo unapaka. Usoni ni tone moja. Hesabu yake ni mawili kwa mia, na Bi Mawili, ambaye shule aliiacha darasa la saba, aliifanya kwa vidole kabla hatujapata mtu wa kutufanyia kwa kikokotoo. Akikoroga sukari kwenye kikombe cha mtu kantini alikuwa akihesabu vile vile. Mwenye kutaka kijiko cha tatu aliambiwa akamwombe daktari.

Alianza kazi kwenye kuchambua. Ubani unafika kwa magunia, madonge ya utomvu uliogandia kwenye gome, meupe, ya njano na meusi, pamoja na mchanga, vijiti na mara moja jino la mtu. Wanawake kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi wakitenga rangi na rangi. Baada ya hapo donge linakwenda kwenye mtungi wa fundi wa boila, mvuke unapita ndani yake, unayabeba mafuta, unapozwa kwenye bomba, na mafuta yanaelea juu ya maji yakiwa mepesi na yenye harufu inayoingia kwenye nguo na kubaki humo. Lile jino, watu wanasema, Bi Mawili alilifunga kwenye karatasi akaliandikia "La mwenyewe" na kulipeleka ofisini. Halikudaiwa. Kwa hiyo mnaona kwamba hata wakati huo alikuwa mtu wa lebo.

Miaka mitatu baadaye fundi sabuni mmoja alirudisha miche mia mbili ya sabuni. Wateja wake walikuwa wanajikuna. Baadaye ikajulikana kwamba pipa lile la mafuta lilikuwa limetiwa tapentaini na mchuuzi tuliyemwamini. Maabara hatukuwa nayo. Meneja wa zamani, mtu wa haki, Mungu amrehemu, aliita watu wote uani akauliza: tutajuaje kabla mafuta hayajatoka getini? Bi Mawili akakunja mkono wa koti, wa kushoto, kwa sababu wa kulia alikuwa akiutumia, akasema: "Tutajua hapa."

Ndivyo ilivyoanza kazi iliyomfanya afahamike. Kila pipa kabla ya kujazwa chupa lilitolewa sampuli. Aliichanganya mawili kwa kijiko, akaipaka kidogo kwenye kipande cha pamba, akakibandika kwa plasta upande wa ndani wa mkono, akachora mraba kuzunguka kwa kalamu ya wino na kuandika namba ya bechi. Siku mbili. Ngozi ikibaki kama ilivyo, pipa linafungwa utepe mweupe. Ikiwa nyekundu, ikivimba, ikiwasha, pipa linafungwa utepe mwekundu, na hapo ilikuwepo sheria moja tu, ambayo haikuandikwa popote na haikuhitaji kuandikwa: aliyefunga utepe mwekundu ndiye anayeufungua. Si meneja, si fundi, si mimi.

Madaftari yake ni saba, yenye majalada ya kijani. Nimeyapitia yote. Kuna bechi 4,206 ndani yake. Kila moja ilikaa mkononi siku mbili. Ukizipanga foleni ni siku 8,412, au miaka ishirini na tatu ya mtu kubandikwa plasta. Ulikuwa mkono huo huo mmoja. Mikono mifupi ya nguo tuliiona kwa wengine. Yeye alivaa mirefu, hata Februari.

Tusiache ya kuchekesha, maana yapo, na mwenyewe akiyakumbuka hucheka mpaka anashika meza. Fundi wa boila wakati wa ujana wake alipata maumivu ya kiuno, akajimwagia mgongoni mafuta matupu, akisema kwamba yeye anayatengeneza kwa hiyo yanamjua. Dakika kumi baadaye alikuwa anakimbia uani kuelekea bombani. Bi Mawili alimzuia kwa mwili wake: "Maji hayayatoi, shemeji, yatayatembeza!" Akachukua mafuta ya kupikia kantini, akamfuta mgongo nayo kwa kitambaa, kisha sabuni, kisha maji. Mafuta yalikuwa yameshakaangiwa vitunguu. Siku mbili fundi alinukia kanisa kwa mbele na jikoni kwa nyuma.

Mlinzi wetu wa zamani yeye alikunywa kijiko kizima kwa ajili ya kikohozi, kwa sababu jirani yake alisikia kwa mtu. Bi Mawili hakumtapisha, ingawa watu walipiga kelele atapishwe. Alisema yakipanda yataingia kwenye mapafu. Alimpakia kwenye gari la mizigo na chupa mkononi, ili daktari aone alichokunywa badala ya kubahatisha. Mlinzi alipona. Mpaka leo akikohoa mbele ya Bi Mawili anageuka pembeni kwa aibu.

Kutokana na hayo lebo yetu ilipata maneno ambayo viwanda vingine havina: Usinywe. Changanya, mawili kwa kijiko. Jaribu kwanza mkononi. Weka mbali na macho, na moto, na watoto. Mjamzito amuulize mkunga. Mwaka mmoja watu wa mauzo walitaka kuipunguzia maandishi ili ipatikane nafasi ya picha ya kichanga amelala. Bi Mawili aliingia kwenye kikao bila kuitwa, akaweka kiganja juu ya picha. "Kichanga ana ngozi," alisema, "ila hana mdomo wa kuniambia inawasha." Picha ikaondoka. Na wale waliokuja wakiuliza kama ubani unaponya uvimbe, sukari, presha, hata mume asiyerudi nyumbani, aliwajibu wote jibu moja: unanukisha nyumba, unalainisha mikono ya mkandaji, unaipa sabuni heshima, ukiumwa nenda hospitali. Dada yake mkubwa hakwenda. Aliuziwa na mchuuzi wa barabarani chupa, si yetu, akaambiwa apake kwenye uvimbe wa titi asubuhi na jioni, akapaka miezi tisa bila kumwambia mtu. Alikufa akiwa na miaka arobaini na mitatu, Bi Mawili akamzika. Hilo halikuwahi kusemwa kwenye kikao chochote. Nalisema leo ili wanaomwona mkali wajue ukali umetoka wapi.

Sasa niingie kwenye mwaka huu.

Miaka minne iliyopita stoo ya mapipa ilihamishwa kutoka chumba cha chini, penye giza na ubaridi, kupelekwa kwenye banda la mabati upande wa magharibi. Chumba cha chini kikawa ofisi. Nilitundika kipimajoto kwenye lile banda. Saa nane mchana kinasoma nyuzi 41. Mapipa mengine yanakaa humo nusu tupu, miezi kwa miezi, hewa ikicheza ndani. Mafuta ya ubani hayaozi kama nyama, hayatoi uvundo wa kukutahadharisha. Yanachoka kimya kimya. Hewa na joto vinayageuza, na yakishageuka ngozi inayaona ni adui. Pua haijui. Macho hayajui. Mkono unajua.

Kabla ya banda, Bi Mawili alikuwa amepima bechi 3,600 na kukataa 63, yaani moja katika kila hamsini na saba. Baada ya banda alipima 606 akakataa 41. Hiyo ni moja katika kila kumi na tano. Utepe mwekundu ukaanza kuonekana karibu kila mwezi, na kila ulipoonekana maagizo yakachelewa, na ofisini ikaanza kusemwa kwamba tatizo si mafuta, ni mkono. Ukweli ni kwamba mkono ulikuwa umeharibika. Ngozi ya ndani ilikuwa ngumu kama gamba, imepasuka, usiku akiufunga kitambaa ili asijikune usingizini. Tulimwona. Tulimwambia pole. Mwenye kumwambia apumzishe mkono hakuwepo, hata mimi.

Mwanzoni mwa Septemba akafunga utepe mwekundu kwenye pipa la bechi 4,183. Ni pipa la lita arobaini, lilikuwa na theluthi tu, limekaa bandani miezi kumi na moja. Chini ya plasta mkono ulikuwa umeinuka malengelenge. Mzigo ulikuwa unasubiriwa. Meneja alishuka mwenyewe hadi chumba cha kujazia, na sisemi kwamba ni mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyebanwa. Alimwambia mbele yetu, kwa upole: "Mama, mkono wako umechoka. Sasa hivi hata ukipakwa maji utavimba."

"Basi nipake maji," Bi Mawili akajibu. "Tuone."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyempaka maji. Laiti mtu angempaka! Mimi nilikataa kujaza bila maandishi, nikijiona shujaa, na kesho yake maandishi yakaja, barua yenye mhuri, tarehe 4 Septemba. Nainukuu neno kwa neno kwa sababu ninayo: "Kwa kuwa mkono wa mpimaji umeharibika kutokana na kazi hii aliyoifanya kwa miaka mingi, matokeo yake yasitumike tena kuzuia bechi." Niliisoma, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikaenda kwenye pipa, nikaufungua utepe. Fundo lilikuwa gumu, nilitumia meno. Bi Mawili alikuwa amesimama mlangoni. Alinyoosha mkono, akauchukua utepe wake, akauzungusha vidoleni taratibu kama mtu anayekunja uzi, akaondoka.

Tulijaza chupa 1,260.

Tarehe 17 Oktoba alikuja getini mkandaji. Ni mwanamke wa makamo anayefanya kazi yake kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la viatu, mteja wetu wa miaka tisa. Mikono yake miwili ilikuwa imefungwa vitambaa, na chupa aliishika kwa kuibana kwenye kiwiko. Wengine wakija kulalamika wanapiga meza. Huyu aliketi, akaomba Bi Mawili aitwe, na alipoitwa akamwambia: "Dada, mlisema mawili kwa kijiko. Nimeweka mawili."

Tulipofungua vitambaa, viganja vilikuwa vimechubuka hadi nyama ya ndani. Wateja wake kumi na mmoja walikuwa na vipele mgongoni. Bi Mawili hakuuliza kama kweli aliweka mawili. Aligeuza chupa akasoma chini: 4,183. Kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu wa nje, alikunja mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, akauweka mezani kando ya mikono ya yule mwanamke. Ilikaa pale mitatu, chini ya taa. Mkandaji aliitazama kwa muda. "Kumbe na wewe," alisema. Akamshika.

Walikwenda kliniki ya ngozi wote wawili siku ile ile, na Bi Mawili alibeba chupa tatu: moja ya 4,183, moja ya mafuta yaliyotoka kwenye mtungi wa fundi wiki ile, na moja ya maji ya bomba. Alimwomba daktari azibandike zote mgongoni kwake, mahali ambapo hapajawahi kuguswa na kazi. Baada ya siku kadhaa majibu yalikuwa wazi. Maji: hakuna kitu. Mafuta mapya: hakuna kitu. Ya 4,183: duara jekundu lenye malengelenge. Daktari aliwaeleza kwamba ngozi ikishayakataa mafuta yaliyochoka haisahau tena. Ni ya maisha. Maganda ya chungwa yana kitu cha namna hiyo hiyo, na sabuni nyingi za manukato pia. Mkandaji hatakanda tena kwa mafuta ya kunukia, na wateja wake wengi walikuwa wakifuata harufu. Siku hizi anauza viatu kwenye lile duka la mbele, na huwa anavaa glovu za pamba. Bi Mawili hawezi kumenya chungwa.

Usiku wa tarehe 31 Oktoba ndipo nilipofanya hesabu niliyopaswa kuifanya miaka minne nyuma. Bechi zile 606 nilizigawa: zilizotoka moja kwa moja kwenye mtungi wa fundi ni 310, zilizolala bandani ni 296. Kati ya mpya, Bi Mawili alikataa nne. Nne tu katika 310! Ni chache kuliko hata alipokuwa kijana. Kati ya zilizolala bandani alikataa 37, moja katika kila nane. Mkono uliochoka hauchagui, ndugu zangu. Ungekataa zote sawasawa. Mkono wake ulikuwa umeumizwa na kazi, na ulikuwa unasema kweli, yote mawili kwa wakati mmoja, na sisi tulichukua la kwanza tukalifanya sababu ya kutosikia la pili.

Tulitangaza chupa zirudishwe. Zimerudi 871. Zilizobaki ni 389, ziko kwenye makabati ya watu tusiowajua. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini chupa zina namba. Yeyote anayesoma kijitabu hiki ageuze chupa yake nyumbani. Akikuta 4,183 asiitumie hata kunukisha chumba, asiimwage kwenye sinki, airudishe getini. Na chupa ya namba yoyote iliyofunguliwa muda mrefu, iliyokaa dirishani, iliyobaki robo: iacheni. Bi Mawili ameomba mwenyewe ombi hili liwemo. Alisema ndiyo zawadi pekee anayoitaka kwenye sherehe, na saa ya ukutani tuliyomnunulia anaishukuru.

Tarehe 31 Oktoba aliandika bechi ya 4,206, akapiga mstari chini yake, akafunga daftari la saba. Ofisi ilipendekeza mtu mwingine aendelee na kazi hiyo, mwenye ngozi changa. Alikataa kwa maneno mafupi ambayo siwezi kuyachapa kwenye kijitabu cha sherehe. Tangu siku hiyo sampuli zinapelekwa maabara ya nje, na hakuna mkono wa mtu unaobandikwa kitu hapa. Katika miaka thelathini na moja hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyotufanyia, na alilifanya kwa kukataa. Banda la mabati bado lipo. Leo asubuhi nimehesabu mapipa ishirini na mawili ndani yake.

Limebaki jambo moja, na ndilo linalomhusu yeye.

Kila mstaafu hujaziwa fomu ya afya. Ya Bi Mawili ililetwa tarehe 12 Novemba ikiwa imeshajazwa. Penye swali la ugonjwa uliotokana na kazi, imeandikwa: Hakuna. Akiweka sahihi, basi kuanzia Jumatatu mkono ule ni wa kwake mwenyewe, wala kliniki ya kiwanda haitautibu tena. Septemba mkono ulikuwa mbovu, kwa sababu ilitakiwa uwe mbovu ili pipa lifunguliwe. Novemba mkono ni mzima, kwa sababu inatakiwa uwe mzima ili faili lifungwe. Mkono ni mmoja. Mhuri pia ni mmoja, nimezilinganisha karatasi.

Nilimfuata nyumbani kwake Jumapili. Alikuwa amekaa barazani, binti yake akimpaka dawa, mjukuu wake wa kike kando na sahani ya machungwa, akimmenyea na kumtilia mdomoni kipande kimoja kimoja kama anayelisha ndege. Nilimwuliza kama atasaini. "Mwanangu, nimechoka," alisema. "Waandike wanavyotaka. Ngozi haisomi."

Binti yake alidakia bila kuinua macho kwenye dawa: "Mficha maradhi, kilio humfichua. Na wewe mama kilio chako tunakisikia kila usiku, kupitia ukuta."

Nikamwomba radhi ya utepe. Miezi miwili na zaidi nilikuwa nimeibeba. Alinitazama kama alivyonitazama siku ya kwanza nilipoingia na ufagio na kuuliza choo kiko wapi, akasema: "Ulitumia meno. Nilikuona. Mafuta yamo kwenye utepe, mjinga wewe, ungeunguza mdomo." Hapo ndipo tulipocheka, sote wanne, na nilipoomba ruhusa ya kufanya ninalotaka kulifanya, aliingia ndani akatoka na utepe ule ule, umekunjwa, umefuliwa. "Haya," alisema. "Lakini ufunge vizuri. Si kama kamba ya mbuzi."

Basi wageni na wafanyakazi wenzangu, mkiingia ukumbini mtaikuta fomu hiyo juu ya meza ndogo, upande wa kushoto wa mlango. Neno "Hakuna" halijafutwa, na yeye hajasaini. Si kazi yangu kulifuta. Nyuma yake nimebandika barua ya tarehe 4 Septemba, majibu ya daktari, na ukurasa wa hesabu. Fomu ina nafasi tano za mashahidi. Ya kwanza nimeiandika mimi, niliyefungua pipa, kwamba mkono umeumizwa na kazi. Ya pili ameandika fundi wa boila, kwa mwandiko mkubwa wa mtu anayedaiwa mgongo. Tatu ziko wazi, na kalamu iko pale. Nimeifunga yote utepe mwekundu, fundo mara mbili, na sheria mnaijua. Ofisi ikishaandika lililo kweli, nitaufungua kwa mkono wangu. Kabla ya hapo, haufunguliwi.

Bi Mawili, kwa niaba ya chumba cha kujazia, mtungi, stoo, geti na kantini, ahsante kwa mapipa 104 uliyoyazuia, mojawapo tukalitoa bila ruhusa yako. Mkandaji ameahidi kuja; nimemwekea kiti karibu na chako. Tunakutakia siku ndefu, usingizi usiokatizwa na mwasho, na machungwa ya msimu, na mtu wa kukumenyea yote mpaka sahani iishe.